Kiti cha rais wa Bunge: nani anapewa neno, nani ananyimwa?



Karibu kila kambi ya wakimbizi wa ndani ina kamati, na kamati ina rais wake. Rais wa kambi hana bunduki, wala hana mfuko wa pesa. Kazi yake kubwa ni kuongoza kikao: nani aseme kwanza, nani asubiri, swali gani liandikwe kwenye daftari. Akiifanya kazi hiyo kwa haki, watu watagombana kwa maneno, kisha watarudi kwenye mahema yao. Akiunyima upande mmoja neno, ugomvi haufi. Unatoka kikaoni na kuwangoja watu kwenye bomba la maji, au njiani wanapotafuta kuni.

Nchi nzima nayo ina kikao chake. Ni Bunge, linalokutana Palais du Peuple mjini Kinshasa. Anayeongoza kikao hicho tunamwita rais wa Bunge la Taifa. Jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanamwita spika. Seneti nayo ina rais wake. Katika kurasa hizi tunaeleza historia ya kiti hicho tangu mwaka wa 1960. Hatutaki mkariri majina. Tunataka tuone pamoja jambo moja: mahali ambapo kiti hiki kinawapa watu wote neno, ugomvi unabaki ndani ya nyumba, kikifungwa mdomo, ugomvi unatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo inapita katika vijiji vyetu.

Miaka ya kwanza, 1960 hadi 1965

Uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 ulileta wabunge 137 katika Baraza la Wawakilishi. Tarehe 21 mwezi wa sita, siku tisa kabla ya uhuru, walimchagua Joseph Kasongo, wa chama cha MNC cha Patrice Lumumba, kuwa rais wao. Alipata kura 74, na Jean Bolikango alipata 58. Upande wa Seneti alichaguliwa Joseph Iléo.

Jaribu lilikuja mapema. Tarehe 5 mwezi wa tisa 1960, Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba, na kwamba Iléo, yule rais wa Seneti, atachukua nafasi yake. Lumumba naye akatangaza kwamba amemwondoa Kasa-Vubu. Nchi ikawa na wakubwa wawili wasiotambuana. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi lilikutana, likamsikiliza Lumumba, kisha likapiga kura. Kwa kura 60 kwa 19, wabunge walifuta matangazo yote mawili. Hawakumtafuta mshindi. Waliwaambia wakubwa wote wawili wabaki mahali pao na wapatane.

Hawakusikilizwa. Tarehe 14 ya mwezi huohuo, Kanali Mobutu alitangaza kwamba amewasimamisha wanasiasa, na Bunge likanyamazishwa. Mwezi wa kwanza 1961 Lumumba aliuawa Katanga.

Hata hivyo nyumba ilifunguliwa tena. Mwezi wa saba 1961, wabunge wa pande zilizokuwa zimegawana nchi walikutana katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Waliingia bila silaha, na waliwekwa mbali na watu wa nje mpaka wasikilizane. Tarehe 2 mwezi wa nane waliikubali serikali ya Cyrille Adoula. Waliokuwa wanatishana kwa majeshi walikuwa wamekaa tena katika chumba kimoja, kila mmoja akingoja zamu yake ya kusema.

Amani hiyo haikudumu. Tarehe 29 mwezi wa tisa 1963, Kasa-Vubu alifunga Bunge. Siku nne tu baadaye, tarehe 3 mwezi wa kumi, wanasiasa wa upinzani waliovuka mto hadi Brazzaville waliunda baraza lao la ukombozi, CNL. Mwaka wa 1964 vita vya Simba vilifika Uvira, Fizi na Kisangani. Wazee wa huko bado wanasimulia walivyokimbia. Hatusemi kwamba vita vile vilikuja kwa sababu moja tu. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini watu waliokuwa na kiti na neno ndani ya Bunge walinyimwa vyote viwili, na baada ya hapo waliongea kwa njia nyingine.

Bunge jipya lilichaguliwa mwaka wa 1965. Mwezi wa kumi na moja lilikataa serikali ya Évariste Kimba, na tarehe 24 Mobutu akachukua nchi.

Bunge la makofi

Katiba ya mwaka wa 1967 iliondoa Seneti na kuacha nyumba moja tu. Baadaye chama cha MPR kilikuwa juu ya kila kitu, na Bunge likawa chombo cha chama. Kuanzia 1970 hadi 1979 lilisimamiwa na Bo-Boliko Lokonga. Kiti kilikuwepo, vikao vilikuwepo, nyundo iligongwa. Lakini rais wa kikao hakuweza kumpa mtu neno ambalo mkubwa wa nchi hakulitaka.

Mwisho wa mwaka wa 1980, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ndefu wakieleza makosa ya utawala wake. Mmoja wao alikuwa Étienne Tshisekedi. Bunge halikuweza kuwalinda. Walikamatwa na kuteswa. Miaka miwili baadaye baadhi yao walikuwa katika kikundi kilichoanzisha chama cha UDPS. Neno lililokatazwa ndani lilisemwa nje.

Askofu kwenye kiti

Mwaka wa 1991, watu walipochoka, Mkutano Mkuu wa Kitaifa uliitwa Kinshasa. Mwezi wa kumi na mbili wajumbe walimchagua askofu Laurent Monsengwo Pasinya kuuongoza. Mwezi wa kwanza 1992 serikali iliufunga mkutano. Tarehe 16 mwezi wa pili, Wakristo walitoka makanisani na kuandamana wakidai ufunguliwe. Wengi walipigwa risasi na kufa. Mwezi wa nne ulifunguliwa tena.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Watu wale hawakuomba chakula siku ile, wala vyeo. Walitaka kikao kiendelee. Walijua kwamba nyumba ya maneno ikifungwa, wao ndio watakaolipa.

Mwisho wa mwaka huo Monsengwo aliendelea kuliongoza Baraza Kuu la Jamhuri, lililofanya kazi ya Bunge katika kipindi cha mpito. Mwezi wa pili 1993 askari walilizunguka jumba, wakawazuia wajumbe ndani kwa siku kadhaa. Miaka iliyofuata mpito ulikwama, kisha vita vya 1996 na vya 1998 vikaja. Mengine mnayajua kuliko sisi.

Waliopigana wanakaa pamoja

Mapatano ya Pretoria ya mwezi wa kumi na mbili 2002 na ya Sun City ya mwaka wa 2003 yaligawa viti. Urais wa Bunge la Taifa ulipewa MLC, na Olivier Kamitatu akaushika. Urais wa Seneti ulipewa mashirika ya kiraia, na mchungaji Pierre Marini Bodho akaushika. Katika ukumbi mmoja walikaa watu wa serikali, wa MLC, wa RCD, wa Mai-Mai, wa upinzani na wa mashirika ya kiraia. Halikuwa Bunge lililochaguliwa na raia, na lilikuwa na makosa yake. Lakini ndilo lililoandika Katiba ambayo raia waliikubali kwa kura mwezi wa kumi na mbili 2005, na ikatangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006.

Katiba ya 2006 inasema nini?

Bunge la Taifa lina viti 500. Siku ya kwanza, mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote anaongoza, akisaidiwa na wawili walio vijana kuliko wote. Kisha wabunge wanachagua biro ya watu saba: rais, makamu wawili, mwandishi na msaidizi wake, mtunza mali na msaidizi wake. Waliomchagua rais wanaweza kumwondoa. Vikao ni vya wazi, isipokuwa Bunge likiamua kufunga milango. Vipindi vya kawaida ni viwili kila mwaka: tarehe 15 mwezi wa tatu hadi tarehe 15 mwezi wa sita, na tarehe 15 mwezi wa tisa hadi tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili.

Rais wa kwanza chini ya Katiba hii alikuwa Vital Kamerhe, mtoto wa Kivu ya Kusini, aliyechaguliwa mwisho wa 2006. Mwezi wa kwanza 2009 jeshi la Rwanda liliingia Kivu ya Kaskazini kwa operesheni ya pamoja na jeshi letu, Umoja Wetu. Kamerhe alisema kwenye Radio Okapi kwamba Bunge halikuarifiwa. Swali lake lilikuwa lile la mkimbizi yeyote: askari hawa wamekuja kwa ruhusa ya nani? Watu wa upande wake wa kisiasa walikasirika, na tarehe 25 mwezi wa tatu 2009 alijiuzulu.

Aliyemfuata ni Évariste Boshab, kisha Aubin Minaku kuanzia 2012. Mwaka wa 2019 alichaguliwa Jeanine Mabunda, mwanamke wa kwanza kushika nyundo ya Bunge la Taifa. Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2020 wabunge walimwondoa kwa kura 281 kwa 200. Tunaweza kuzungumza mengi juu ya siasa za siku zile. Lakini rais aliondolewa kwa karatasi za kura ndani ya ukumbi, na hakuna kijiji kilichochomwa kwa ajili ya kura ile. Christophe Mboso, aliyekuwa mzee kuliko wabunge wote, aliongoza kwa muda, kisha akachaguliwa mwezi wa pili 2021. Kamerhe alirudi kwenye kiti mwezi wa tano 2024 na kujiuzulu tena mwezi wa tisa 2025, wabunge walipotia sahihi za kutaka aondoke. Mwezi wa kumi na moja 2025 wabunge walimchagua Aimé Boji Sangara, naye pia wa Kivu ya Kusini.

Jambo hili linatuhusu namna gani?

Wengi wenu mtasema: “Kinshasa ni mbali, na sisi wa Masisi na Rutshuru hatukupiga kura.” Ni kweli. Katika uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili 2023, vita vilizuia kura katika maeneo hayo mawili, na vilevile Kwamouth upande wa magharibi. Tena tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa. Katiba inasema hali hiyo ni ya siku 30, na ikitakiwa kuongezwa kwa siku 15, lazima Bunge na Seneti zikubali. Basi wabunge wamepiga kura mara nyingi juu ya maisha yenu.

Katiba inawapa milango miwili. Wa kwanza ni kifungu cha 101: mbunge wa taifa anawakilisha taifa zima. Mtu wa Masisi ambaye eneo lake halina mbunge anaweza kumwandikia mbunge wa mahali popote, na mbunge huyo hawezi kusema, “Wewe si wangu.” Wa pili ni kifungu cha 27: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa wenye mamlaka, nao wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayeruhusiwa kuadhibiwa kwa sababu ya ombi hilo.

Kama kamati yenu inataka kuandika, tunashauri hivi:

- Kaeni kwanza, wanawake kwa wanaume, wa makabila yote ya kambi, mpatane juu ya swali moja au mawili tu.
- Andikeni mahali, tarehe, mambo mliyoyaona kwa macho, na mnachoomba. Msiandike uvumi.
- Pelekeni kwa rais wa Bunge na kwa mbunge mmoja, kabla kipindi hakijaanza. Wekeni nakala, na mhesabu ile miezi mitatu.
- Angalieni usalama. Sheria inamlinda mwenye kuuliza, lakini mahali penye vita sheria haifiki kila nyumba. Jina linaloweza kumletea mtu hatari lisionekane kwenye karatasi. Uhai wa mtu ni mkubwa kuliko sahihi yake.

Jibu linaweza kuchelewa. Linaweza pia kukosa kuja. Hatuwezi kuwaahidi kwamba barua itasimamisha bunduki. Lakini swali lililoandikwa na kupokelewa linabaki, na mbunge anayetaka kuuliza serikali anahitaji maneno ya watu walioona.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika vikao vya kambi yetu, ni nani ambaye hapewi neno? Mjane? Kijana? Mtu wa kabila dogo?
2. Rais wa kamati akikosea, tuna njia gani ya kumbadilisha bila kugombana?
3. Kama tungekuwa na swali moja tu kwa Bunge, lingekuwa lipi?

Anzeni na swali la kwanza. Kikao cha nchi kinajifunza kwa vikao vidogo, na mkimbizi aliyezoea kupewa neno kambini hatakubali kunyamazishwa siku atakaporudi kijijini kwake.