Kiziwi katika filamu hunenewa na nani?

Aghalabu hudhaniwa kwamba filamu zilipoanza kutoa sauti mwaka 1927, kila mtazamaji alifaidika. Sivyo. Enzi za filamu bubu, kiziwi aliketi ukumbini sawa na mwenzake anayesikia: wote wawili walitazama nyuso na mikono, na wote wawili wakasoma maneno yaliyoandikwa baina ya picha. Granville Redmond, mchoraji kiziwi wa Marekani, aliigiza katika filamu kadhaa za Charlie Chaplin bila ya sauti yake kuhitajika. Sauti ilipoingia, maandishi yakaondoshwa, na kiziwi akaachwa nje.

Mimi ni mwalimu wa isimu, kwa hivyo filamu zihusuzo walemavu huzitazama kwa swali moja: je, mlemavu mwenyewe anasema, au ananenewa? Kwa viziwi swali hili ni zito zaidi, maadamu wanayo lugha kamili. Tangu William Stokoe achapishe utafiti wake mwaka 1960, hapana mwanaisimu makini awezaye kudai kwamba lugha ya ishara ni kupunga mikono tu. Ina sarufi, ina msamiati, ina hata mizaha na matusi yake. Na Lugha ya Ishara ya Kenya si ile ya Marekani, wala si Kiswahili kilichotiwa mikononi.

Mwaka 1948 ilitoka filamu Johnny Belinda, ambamo Jane Wyman, mwanamke anayesikia vyema, aliigiza msichana kiziwi. Alipewa tuzo ya Oscar kwa ustadi wa kujifanya asiyesikia. Ilipita takribani miaka arubaini kabla ya Marlee Matlin, kiziwi halisi mwenye umri wa miaka 21, kuipata tuzo hiyo kwa Children of a Lesser God ya mwaka 1986.

Hatua kubwa, bila shaka. Lakini hebu msomaji aitazame tena filamu hiyo. Kila Sarah asemapo kwa mikono, mwalimu wake, ambaye pia ni mpenzi wake, huyarudia maneno hayo kwa sauti ili sisi tusikiao tuelewe. Hapakuwa na maandishi chini ya picha. Basi mwanamke ambaye kisa chake kizima ni kukataa kulazimishwa kutumia sauti, tunamsikia kwa sauti ya mwanamume! Viziwi nao hawakuweza kufuata mazungumzo ya wahusika wanaosikia. Filamu iliwahusu, lakini haikuwalenga.

Ufaransa, mwaka 2014, ilitoa La Famille Bélier, na wazazi viziwi wakaigizwa na watu wanaosikia. Wamarekani walipoitengeneza upya kwa jina CODA mwaka 2021, Matlin alitishia kujitoa iwapo mumewe katika hadithi asingeigizwa na kiziwi. Akapewa Troy Kotsur, ambaye alishinda Oscar mwaka 2022. Humo wavuvi wa Gloucester wanatukanana, wanapendana na kubishana kwa mikono, nasi tunasoma chini ya picha. Binti yao anapoimba jukwaani, sauti inakatwa ghafla. Tunabaki kumtazama babake akizisoma nyuso za wasikilizaji apate kujua kama mwanawe anaimba vizuri. Sijaona somo la isimujamii linalozidi dakika hizo chache. Hata hivyo siridhiki na jambo moja: binti huyo ndiye mkalimani wao hata mbele ya daktari, ilhali Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayozitaka hospitali ziwasiliane na viziwi ipasavyo.

Kwetu je? Sheria ya mwaka 2003 ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Mbunge aweza kuhutubia taifa kwa mikono, lakini mchezo wa jioni haukuguswa na sheria ile, seuze vichekesho, ambamo kiziwi huletwa kwa nadra, na akiletwa ni kwa ajili ya kuchekwa kwamba amesikia vibaya.

Walimu wanaotayarisha filamu za tamasha la drama wasingoje sheria. Wakiwa na mhusika kiziwi, shule za viziwi zina wanafunzi wa kumwigiza, na maneno ya wahusika wote, wanaosikia na wasiosikia, yaandikwe chini ya picha.