22 dhidi ya 47: Ni tohara au ni bahati tu?

Ukianzisha mjadala wa tohara na HIV kwenye kundi lolote la vijana, hakosi mmoja wa kusema: "Hizo ni namba tu bana, zingeweza kutokea vyovyote." Swali lake ni la maana. Na jibu linapatikana kwa kalkuleta ya simu.

Matokeo ya utafiti wa Kisumu yalichapishwa 2007. Vijana 2,784 wa kiume, wa miaka 18 hadi 24, waligawanywa kwa kubahatisha: 1,391 wapashwe tohara mara moja, 1,393 wangoje. Baadaye, 22 wa kundi la tohara walikuwa wameambukizwa. Kwa waliongoja, 47.

Sasa twende kazi.

Kwanza, tafuta viwango. 22 gawanya kwa 1,391 ni 0.0158, yaani asilimia 1.58. 47 gawanya kwa 1,393 ni 0.0337, asilimia 3.37. Tofauti ni pointi 1.79.

Pili, pima yumbayumba ya bahati. Kwa kila kundi, zidisha kiwango cha walioambukizwa kwa kiwango cha waliosalimika, kisha ugawe kwa idadi ya kundi. Jumlisha majibu mawili, tafuta kipeuo cha pili: utapata kama 0.0059. Zidisha kwa 1.96, uwe na uhakika wa asilimia 95. Hiyo ni pointi 1.15.

Tatu, toa na ujumlishe. Tofauti ya kweli inakadiriwa kuwa kati ya pointi 0.6 na 2.9. Kwa lugha ya mtaa: katika kila vijana 1,000, tohara iliepusha maambukizi kati ya 6 na 29.

Sifuri haimo humo ndani. Ingekuwemo, yule msee wa "bahati tu" angekuwa na hoja. Na idadi ndiyo ilimnyima: kama vijana wangekuwa sehemu moja tu ya kumi, viwango vikibaki vilevile, ile 1.15 ingepanda hadi 3.6 na kumeza sifuri. Uhakika wa asilimia 95 nao unamaanisha kwamba mbinu hii, ikirudiwa kwenye tafiti nyingi, hukosea takriban mara 5 kwa kila 100.

Lakini usisherehekee vibaya. Wale 22 walikuwa kwenye kundi la tohara, na bado waliambukizwa. Tohara hupunguza hatari, haiifuti. Kondomu ibaki mfukoni.