Shilingi ya mkebe huishia wapi?

NI Jumamosi asubuhi. Umetoka dukani ukiwa na mizigo mikononi na watoto wanakufuata nyuma. Mlangoni anakusimamisha kijana aliyevalia fulana yenye nembo ya klabu, na mkononi ana mkebe uliotobolewa kifunikoni.

"Mama, tusaidie wasioona," anasema kwa heshima.

Kuna wanaotia shilingi mbili tatu na kwenda zao. Kuna wanaojifanya kutafuta funguo mkobani. Na karibu wote hujiuliza kimoyomoyo: pesa hizi huishia wapi?

Swali hilo si la ubahili. Wakenya ni watu wa harambee, na neno lenyewe limeandikwa kwenye nembo ya taifa. Tumechangia karo, mazishi, bili za hospitali na ujenzi wa madarasa. Lakini pia wapo waliochangia darasa ambalo halikuwahi kuezekwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kusema kweli, mimi pia nilikuwa miongoni mwa watafuta funguo. Aliyenibadilisha mawazo ni nyanya yangu.

Kidole ndani ya kikombe

Nyanya alikuwa na mtoto wa jicho, tena katika macho yote mawili. Ugonjwa huo haukumjia kwa siku moja. Kwanza aliacha kuchambua mchele, akidai kwamba mchele wa siku hizi hauna mawe. Kisha akaacha kwenda kanisani peke yake. Mwishowe akawa anamimina chai huku ametia ncha ya kidole ndani ya kikombe, ili ajue kimejaa.

Sisi jamaa zake tulisema ni uzee.

Jumapili moja tangazo likasomwa kanisani. Klabu moja ya kuhudumia jamii ingeleta madaktari wa macho katika shule ya msingi iliyo karibu, na uchunguzi ungekuwa wa bure. Tulipofika, foleni ilikuwa imezunguka uwanja mzima.

Chini ya mti walikaa wanachama wa klabu hiyo wakiandika majina. Mmoja alikuwa karani wa benki, mwingine mwalimu, na mwingine mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakuna aliyekuwa daktari. Kazi ya daktari walimwachia daktari. Yao ilikuwa kulipia basi, kununua dawa, kupika chai na kuwashika wazee mkono ili wasijikwae.

Wagonjwa walionyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, wakaulizwa miguu yake imeelekea wapi. Nyanya hakuiona hata ile kubwa ya juu kabisa. Baada ya kumulikwa machoni kwa tochi, aliandikiwa karatasi na kupandishwa basi pamoja na wenzake kuelekea hospitali.

Upasuaji wenyewe si mrefu. Jicho hutiwa dawa ya ganzi, lenzi ya asili iliyoingia ukungu hutolewa, na lenzi ndogo ya kutengenezwa huwekwa mahali pake. Mara nyingi kazi hiyo humalizika kwa chini ya nusu saa, na kesho yake bandeji huondolewa.

Nyanya alipofunguliwa jicho la kwanza alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe umeanza kuota mvi, mjukuu wangu, na hakuna aliyeniambia!"

Aliporudi nyumbani alilalamikia masizi ya kuta za jikoni wiki nzima.

Kutoka choo hadi chanjo

Klabu za aina hii ni nyingi nchini, lakini mbili zinazojulikana zaidi ni Rotary na Lions.

Rotary ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, mwaka wa 1905 na wakili aliyeitwa Paul Harris. Wanachama wa kwanza walikutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu na kesho katika ofisi ya yule, na jina la klabu likatokana na kuzunguka huko. Mojawapo ya kazi zao za mwanzo kwa umma ilikuwa kupigania kujengwa kwa choo cha umma mjini humo. Naam, choo! Huduma kwa jamii haikuanza kwa mambo makubwa. Huku kwetu, klabu ya Rotary ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1930.

Lions nayo ilizaliwa mwaka wa 1917, katika mji huo huo wa Chicago, kwa juhudi za Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima. Mwaka wa 1925 Helen Keller, mwanamke maarufu ambaye hakuona wala kusikia, aliwahutubia wanachama wake huko Ohio na kuwasihi wawe watetezi wa wasioona. Ombi hilo halikuanguka chini. Mwaka wa 1990 Lions ilianzisha mpango wa SightFirst wa kupigana na upofu unaoweza kuzuiwa, na hadi leo mkazi wa Nairobi akifika Loresho ataikuta hospitali ya macho yenye jina hilo.

Rotary kwa upande wake ilijitwika mzigo wa polio mwaka wa 1985. Mwaka wa 1988, ilipoungana na Shirika la Afya Duniani na wengine, ugonjwa huo ulikuwa ukipoozesha watoto wapatao 350,000 kila mwaka ulimwenguni. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imejikomboa kutoka kwa virusi vya polio ya asili. Kazi bado haijaisha, na ndiyo sababu watoto wetu wangali wanapewa matone yale mdomoni. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mifuko miwili

Sasa turudi kwenye mkebe wa pale dukani.

Kanuni za Lions zinataka klabu iweke fedha zake katika mifuko miwili isiyochanganywa. Mfuko wa kwanza ni wa ada za wanachama, na humo ndimo hutoka gharama za kuendesha klabu. Mfuko wa pili ni wa pesa zilizochangwa na umma, na hizo hazina budi kurudi kwa umma kwa njia ya huduma.

Kwa maneno mengine, mwanachama akila wali kwa kuku mkutanoni, kuku huyo anapaswa kuwa ametoka mfukoni mwake, si katika mkebe wako.

Mkebe huo nao si njia pekee ya kuchangisha. Kuna matembezi ya hisani, mashindano ya gofu, karamu za jioni na bahati nasibu. Hata mikutanoni wanachama hutozana faini kwa makosa madogo madogo kama vile kuchelewa, jambo linalozua vicheko vingi.

Hata hivyo, kanuni ni jambo moja na utekelezaji ni jingine. Katika klabu hizi viongozi hubadilika kila mwaka ifikapo Julai mosi. Hilo huzuia mtu mmoja kugeuza klabu kuwa shamba lake. Lakini lina ubaya wake pia. Mwenyekiti huyu huchimba kisima, naye anayemfuata huleta mradi wake mwenyewe, na pampu ya kisima ikiharibika hakuna wa kumwita fundi. Wapo vilevile wanaopenda kupigwa picha wakikabidhi magodoro kuliko kurudi mwaka ujao kuona kama magodoro hayo yamefika kwa wenyewe.

Isitoshe, fulana huweza kuchapishwa na yeyote. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kabla ya kutoa usione haya kuuliza maswali manne. Je, ni klabu gani na hukutana wapi? Pesa za leo ni za kazi gani hasa? Je, kuna barua au risiti? Na mradi wa mwaka jana uko wapi, ili nami niende niuone?

Klabu ya kweli haichukizwi na maswali hayo. La mwisho hasa hulipenda.

Vijana nao

Wanafunzi wasidhani haya ni mambo ya wazee wenye suti. Rotary ina klabu za Interact kwa vijana wa umri wa miaka 12 hadi 18, na Rotaract kwa waliotimu miaka 18 na zaidi. Lions ina klabu za Leo kwa walio kati ya miaka 12 na 30.

Humo kijana hujifunza mambo ambayo darasani hayapatikani kwa urahisi: kuandika barua ya kuomba msaada, kuweka kumbukumbu za mkutano, na kusimama mbele ya wenzake kueleza shilingi iliyoingia na iliyotoka. Anayezoea kutoa hesabu ya mkebe akiwa kidato cha pili huenda akaona aibu kuficha hesabu ya mamilioni akiwa mkubwa.

Waliochelewa

Siku ile ya foleni ndefu si wote waliorudi na furaha. Palikuwa na mzee mmoja aliyeletwa na binti yake. Daktari alimpima, akampima tena, kisha akamwita binti kando. Hakuwa na mtoto wa jicho bali glakoma, yaani presha ya jicho, ambayo huharibu mshipa wa kuona polepole bila maumivu. Mshipa huo ukishakufa hakuna upasuaji wa kuurudisha. Angaliletwa mapema, dawa zingeweza kumlinda.

"Sisi tulidhani ni uzee," binti alisema.

Maneno hayo yalinichoma, kwani yalikuwa maneno yetu wenyewe. Mzee akianza kushika kuta, au akiacha kazi aliyoipenda bila sababu ya maana, usingoje klabu ije na basi. Mpeleke akapimwe.

Siku hizi nyanya humimina chai bila kutia kidole. Juzi alikuja mjini kututembelea, na mlangoni pa duka kijana mwenye mkebe akatusimamisha. Kabla sijafungua mdomo kuuliza maswali yangu manne, nyanya alikuwa ameshafungua fundo la leso na kutoa sarafu.

"Wewe uliza," aliniambia. "Mimi najua zinakokwenda."

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.