Binti wa Kiislamu Katika Mpira wa Australia



Wapenzi wasomaji wetu, si mara moja wala mara mbili tumeulizwa na vijana swali hili: Je, yafaa binti wa Kiislamu acheze mpira? Miaka mingi iliyopita aliyetuuliza alikuwa mwanafunzi wetu wa chuoni, binti mwenye bidii, aliyekwisha kuhifadhi juzuu tatu. Nasi hatukumsikiliza mpaka mwisho. Tulimjibu, "Chagua, mpira au chuo." Akanyamaza, akatuaga kwa adabu, akaenda zake, wala hakurudi tena. Neno lile halijatutoka moyoni mpaka leo. Basi mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za binti wa nchi ya mbali, ambazo zimetufanya tulitazame upya jawabu letu lile.

Jina lake ni Haneen Zreika, raia wa Australia, ambaye asili ya jamaa zake ni Lebanon. Ametoka pande za magharibi ya mji wa Sydney, ambako Waislamu ni wengi: Walebanoni, Waturuki, Waafghani na wengineo. Huko misikiti ipo, vyuo vipo, na maduka ya nyama ya halali yapo. Yaani hakulelewa mahali ambapo dini haijulikani.

Mpira achezao si huu tuujuao sisi. Ni mchezo wao wenyewe Waaustralia, ulioandikiwa sheria zake mjini Melbourne mwaka 1859. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili, na kiwanja chake kina umbo la yai. Mchezaji hutumia miguu na mikono pia. Lakini haruhusiwi kumrushia mwenziwe mpira, ila aushike kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Akikimbia nao, kila hatua za mita 15 hana budi audundishe chini au auguse ardhini. Penye goli husimamishwa milingoti minne: mpira uliopigwa kwa mguu ukipita baina ya ile miwili ya kati, hupatikana pointi 6, ukipita baina ya mlingoti wa kati na wa pembeni, hupatikana 1. Na mwenye mpira aweza kukamatwa na kuangushwa. Hapana shaka mchezo huo wataka nguvu, pumzi na moyo.

Kabla ya Haneen walikuwako wanaume wa Kiislamu waliotengeneza njia. Anayejulikana sana ni Bachar Houli, naye pia ni wa asili ya Lebanon. Alicheza katika ligi kuu tangu mwaka 2007 hata mwaka 2021, na akiwa na timu ya Richmond alipata ubingwa mara tatu: mwaka 2017, 2019 na 2020. Sifa yake si mpira peke yake, bali ni kwamba hakuificha sala yake wala saumu yake mbele ya wenzake. Leo katika uwanja mkubwa wa Melbourne kimetengwa chumba cha kusalia.

Ama wanawake, ligi yao kuu ilianza mwaka 2017 kwa timu 8. Siku ya pambano la kwanza, tarehe 3 Februari, watu zaidi ya 24,000 waliujaza uwanja, hata milango ikafungwa na wengine wakabaki nje. Lakini makofi ni kitu kimoja na riziki ni kitu kingine. Katika msimu ule wa kwanza wachezaji wengi walipata kama dola 8,500 za Australia tu. Kwa hiyo walifanya kazi zao mchana, na jioni wakaenda mazoezini. Mwaka 2022 timu zilifika 18, na mapatano mapya yaliongeza malipo yao kwa asilimia 94. Twayataja haya ili vijana wetu wasidhani kwamba kila aingiaye uwanjani hutoka tajiri.

Haneen aliingia katika ligi hiyo mwaka 2019, hajatimiza hata miaka ishirini, akiichezea timu ya Greater Western Sydney, iitwayo Giants. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kuicheza. Mavazi ya kawaida ya mchezo ule ni fulana isiyo na mikono na kaptura. Yeye huvaa ndani yake nguo ndefu za kufunika mikono na miguu. Hatusemi kwamba jambo hilo limemaliza maswali yote ya sitara. Masheikh wetu wana maneno yao juu ya nguo za kubana na juu ya kutazamwa na wanaume, nayo ni maneno ya kuzingatiwa. Twasema tu kwamba binti huyu hakuiacha dini yake mlangoni kisha ndipo akaingia.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Januari mwaka 2022. Timu yake ilipangiwa kucheza na Western Bulldogs, na siku hiyo wachezaji walitakiwa wavae fulana maalumu ya kuonyesha kuwaunga mkono watu wa mapenzi ya jinsia moja. Haneen alisema kwamba dini yake haimruhusu kuivaa. Hakujifanya mgonjwa, wala hakutunga udhuru wa kuumwa mguu. Wala hakumtukana mtu: alieleza kwamba awaheshimu watu wote, wawe na imani gani na hali gani, ila naye ana wajibu kwa dini yake na kwa watu wake. Kisha akakaa nje, wenzake wakacheza bila yeye. Pambano kama hilo lilipokuja tena mwaka huo huo, alikaa nje tena.

Wako waliomlaumu, na wako waliomsifu. Lakini timu yake, ambayo haikuacha msimamo wake wenyewe, iliuheshimu uamuzi wake. Na fulana yake ya kila siku ikaendelea kumngoja. Hapa pana somo. Kukataa kwa adabu hakuvunji urafiki, na kuheshimu watu hakumlazimu mtu kuiacha imani yake. Kinachovunja ni uongo na matusi.

Enyi wazazi, tusisahau kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akamshinda, na baadaye walipokimbia tena, Mtume akamshinda yeye. Walikuwa safarini, na wenzao wametangulizwa mbele. Katika kisa hicho kimoja mna mchezo na mna sitara pamoja. Basi binti akija na ombi lake, tusikimbilie kukemea. Tumwulize: Utacheza wapi? Na nani? Utavaa nini? Sala ya alasiri utaisalia wapi? Huenda jawabu letu la mwisho likawa ni hapana. Lakini hapana iliyotanguliwa na kusikiliza haimfukuzi mtoto.

Nanyi vijana, jueni mipaka yenu kabla hamjafika uwanjani, maana siku ya mtihani hakuna nafasi ya kwenda kuuliza. Haneen alikuwa na jawabu kwa sababu alikuwa amekwisha kujijua yeye ni nani. Na ajuaye mpaka wake hana budi kuwa tayari kulipa gharama yake. Yeye alilipa kwa pambano alilolipenda.

Ama sisi, kama yule mwanafunzi wetu angetujia leo na swali lake, tungemwambia, "Keti, mwanangu, tueleze." Pengine tungemkubalia, pengine tungemkatalia. Lakini angeimaliza juzuu ya nne.

Mwenyezi Mungu atujalie subira ya kuwasikiliza watoto wetu, nao awajalie moyo wa kuishika dini yao popote waendapo. Amin.