Kwa Nini Programu ya Simu Hufaulu Majaribio Kisha Ikakwama Mkononi

Mfanyabiashara wa mchele Kagongwa anapolipia huduma kwa simu, hubonyeza kitufe na kusubiri. Kitufe kikikaa kimya, hubonyeza tena, huku akihofu kuwa fedha zimekatwa mara mbili. Hofu hiyo ni ya haki.

Kabla ya kutolewa, programu nyingi hujaribiwa na programu nyingine. Chombo kama Espresso, kilichotengenezwa na Google, hufungua ukurasa, hujaza namba na kubonyeza kitufe bila kidole cha mtu. Mara nyingi hukitambua kitufe kwa jina lililofichwa ndani ya programu. Fundi akilibadili jina hilo, jaribio huanguka ingawa kitufe ni kizima. Majaribio yakianguka ovyo kila siku, mafundi huzoea kuyapuuza, na hapo ndipo kasoro ya kweli hupita.

Kuna jingine. Ili matokeo yasiyumbe, mafundi hushauriwa kuzima miondoko ya skrini katika simu ya majaribio. Simu ya mkazi haijazimwa chochote. Mtandao wake husuasua, na maandishi aliyoyakuza ili asome bila miwani yaweza kukisukuma kitufe nje ya skrini.

Kitufe kikikwama, mkazi aangalie kwanza ujumbe wa malipo na salio lake kabla ya kubonyeza tena. Anapotoa taarifa, ataje aina ya simu, toleo la Android na ukubwa wa maandishi. Bila hayo, fundi hujaribu kwenye simu yake na kuona kila kitu ni shwari.