Fedha Inayovuka Bahari Kabla ya Bidhaa

Mwenye duka wa Mwamanyili, katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ambaye wateja wake hupata fedha msimu wa pamba unapofunguliwa na dagaa wanapopanda ziwani, alikuwa hana budi zamani kupanda basi kwenda Mwanza, au kusafiri hadi Kariakoo, Dar es Salaam, ili akatafute shehena ya duka lake. Leo, akiwa ameketi nyuma ya meza yake, aweza kuiona katika simu bei ya kiwanda chenyewe kilichoko Uchina, kitengenezacho zile taa za umeme wa jua ambazo wavuvi wengi wa dagaa wamezipokea badala ya karabai. Bei humfurahisha, lakini mara humjia swali zito kuliko bei, nalo ni hili: atampaje fedha zake mtu asiyemjua uso wala ukoo, aliye ng'ambo ya bahari, chini ya sheria nyingine?

Swali hilo si geni katika mwambao wetu. Katika karne ya kumi na tisa matajiri wa Unguja kama Taria Topan walikuwa wakiwakopesha mali watu wa misafara, Tippu Tip miongoni mwao, na hundi za wafanyabiashara zilivuka bahari baina ya Unguja, Maskati na Bombay, ilhali hapakuwa na simu wala benki katika kila mji. Kilichozishikilia hundi hizo ni sifa ya mtu, kwa kuwa aliyevunja ahadi alijulikana katika bandari zote, na baada ya hapo hakupata mkopo wala mshirika. Muuzaji wa mtandaoni haogopi aibu ya namna hiyo kwa mteja mmoja wa Busega. Kwa hiyo pahala pa sifa hapana budi pajazwe na mtu wa tatu, mwaminifu kwa pande zote mbili, atakayeishika fedha mpaka bidhaa ifike.

Na huo ndio msingi wa njia iliyo salama kupita zote kwa mnunuzi mdogo. Mwaka 2004 kampuni ya Alibaba ya Uchina ilianzisha Alipay, ambayo kazi yake ya awali ilikuwa kupokea fedha za mnunuzi, kuziweka amana, kumwarifu muuzaji apeleke mzigo, kisha kumlipa baada ya mnunuzi kukiri kwamba amepokea. Utaratibu wa asili hiyo unatumika hata leo katika masoko ya AliExpress na Alibaba, kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau: malipo yafanyike ndani ya soko lenyewe. Muuzaji akikunong'oneza kwamba atakupunguzia bei iwapo utamlipa pembeni, katika akaunti yake binafsi, ujue kwamba punguzo hilo umelinunua kwa dhamana yako yote.

Ya pili ni njia ya kadi. M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu ya Vodacom, ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilikuwa ya kutumiana fedha humu nchini, na kwa miaka mingi mtu asiye na akaunti ya benki alifungiwa mlango wa masoko ya ng'ambo. Lakini mwaka 2020 Vodacom, pamoja na Mastercard na benki ya BancABC, walitoa kadi isiyoshikika mkononi, ambayo ni tarakimu 16, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba tatu za usalama, zote zikitoka katika simu. Fadhila zake ni mbili: waweza kuweka kiasi cha ununuzi huo tu, hata mwizi akiipata namba asikute akiba, na bidhaa isipofika una haki ya kumlalamikia aliyekupa kadi, mradi ufanye hivyo kabla muda uliowekwa haujapita. Walakini kumbuka kwamba bei iliyoandikwa kwa dola hukatwa kwa shilingi, kwa kiwango cha mtoa kadi na kwa ada yake, aghalabu zaidi ya hesabu uliyoipiga kichwani.

Ama kwa mali kubwa, kama mashine ya kukamua mafuta au gari lililotumika kutoka Japani, watu hutumia TT, yaani uhamisho wa fedha kutoka benki hadi benki. Muuzaji hutoa profoma, yaani ankara ya awali, mnunuzi akaipeleka benki, Bariadi au Mwanza, akajaza jina la mpokeaji, namba ya akaunti, na alama za SWIFT za benki yake, ambazo huwa nane au kumi na moja. Njia hii ni ya kasi na ya heshima, lakini haina huruma: fedha zikishaingia katika akaunti ya mwenzio, kuzirejesha pasipo ridhaa yake ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana wanunuzi wa mashine hulipa arbuni, kwa kawaida asilimia 30, na salio hulizuia mpaka mzigo uwe tayari, au mpaka waione nakala ya hati ya shehena. Wengine humlipa wakala wa Dar es Salaam mwenye mtu wake Guangzhou, naye hukagua mali kabla ya kuipakia; ujira wake ni halali, ila awe na ofisi, leseni na risiti.

Hadaa nayo ina desturi zake. Kila Mtanzania amekwisha kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi huucheka. Lakini ujumbe huo huo ukija kwa barua pepe, ukidai kwamba kiwanda kimebadilisha benki, hupokewa kwa adabu na kutiiwa. Akaunti ikibadilika njiani, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, wala usiitumie iliyo ndani ya barua hiyo. Namba za matapeli wa hapa nchini hutumwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040.

Fauka ya hayo, bei ya muuzaji siyo gharama ya mwisho. Bidhaa yenye thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000, ikiwa katika daraja la ushuru wa asilimia 25, hutozwa 250,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hupigwa juu ya 1,250,000, ikawa 225,000. Jumla 475,000, kabla ya tozo nyingine na ujira wa wakala wa forodha. Baadhi ya vifaa vya umeme wa jua vina msamaha, basi uliza mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya kulipa, si baada.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi profoma, risiti na kila ujumbe mlioandikiana. Anza kwa oda ndogo. Na usimlipe mtu yeyote kabla hujajua ni nani ataishika fedha yako mpaka mzigo ufike, na ni nani mwenye uwezo wa kukurejeshea usipofika.