Betri Ikigoma Njia ya Rungwa

Dereva anayetoka Itigi kwenda Mbeya kwa njia ya Rungwa hupita kwenye pori refu, jirani na mapori ya akiba. Gari likigoma kuwaka huko, si sawa na kugoma stendi ya Singida mjini, ambako vijana wa bodaboda watakusaidia kulisukuma kabla hujawaita. Porini unaweza kusubiri sana gari jingine lipite, na hata likipita, dereva wake ana haki ya kusita kusimama gizani.

Kwa msafiri wa namna hiyo, busta ya betri ya mkononi ni kifaa cha lazima kama jeki na tairi la akiba. Nasema lazima kwa sababu njia zetu za zamani za kujiokoa zimepungua. Zamani utingo alishuka na hendeli, akaizungusha injini ya lori kwa nguvu za mikono. Kisha stata ya umeme, ambayo Cadillac ya Marekani iliianzisha kwenye magari yake ya mwaka 1912 kwa kazi ya mhandisi Charles Kettering, ikaikabidhi betri kazi hiyo. Hata hapo kulibaki kusukuma. Leo magari mengi madogo tunayoagiza kutoka Japani ni ya otomatiki, nayo hayawaki kwa kusukumwa. Asijaribu mtu kuliteremsha gari la namna hiyo mlima Sekenke akitumaini litashtuka: injini ikiwa imezima, breki na usukani huwa vizito.

Busta yenyewe ni kisanduku chenye betri za lithiamu, zinazoweza kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Hicho ndicho stata inachohitaji, maana hata injini ndogo ya petroli huvuta zaidi ya ampia 100 inapozungushwa. Injini ya dizeli huvuta zaidi. Mwenye pikapu ya dizeli ya kubebea vitunguu au alizeti asinunue kile kidogo kilichotengenezewa gari la mjini.

Jambo la kwanza kabisa ni volti. Magari madogo hutumia volti 12. Maroli makubwa hutumia 24, kwa betri mbili zilizofuatanishwa. Usihukumu kwa kuhesabu betri, kwani yapo magari yenye betri mbili ambayo bado ni ya volti 12. Soma kitabu cha gari au muulize fundi umeme. Busta ya volti 12 isiunganishwe kabisa kwenye mfumo wa 24.

Kisha zima taa, redio na kila kinachokula umeme. Kibanio chekundu kiende kwenye chanya ya betri. Cheusi, isipokuwa maelekezo ya busta yako yanasema vingine, kibanwe kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo na betri, kwa sababu betri ya asidi hutoa hewa ya haidrojeni na cheche moja inaweza kuilipua. Piga stata sekunde chache tu. Injini isipowaka, ngoja kidogo ndipo urudie. Ikiwaka, ondoa vibanio mapema, cheusi kwanza.

Betri iliyokauka chaji kabisa huweza isitambuliwe na busta. Baadhi ya busta zina kitufe cha kulazimisha, na hapo ndipo watu huumia: kitufe hicho huondoa ulinzi, hivyo ukiwa umegeuza chanya na hasi hakuna kitakachokuzuia. Kagua alama mara mbili kabla ya kukibonyeza.

Lakini kuwaka si kupona. Betri nzima yenye chaji, gari likiwa limepumzika, husoma takriban volti 12.6 kwenye mita; ikisoma 12 au chini, imekwisha nguvu. Injini ikinguruma, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, shaka kubwa iko kwenye altaneta au mkanda wake, na hata ukinunua betri mpya nayo itakufa. Mara nyingine tatizo ni teminali zilizolegea au zilizoota ukungu mweupe, na kuzisafisha na kuzikaza kunatosha.

Kipimo hiki cha mita huchukua dakika moja. Kwa hiyo nakataa kabisa ile desturi ya kuchomoa teminali injini ikiwa inaunguruma eti kupima altaneta. Umeme unaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari. Hatari ni ileile kwa wanaoazima betri ya gari jingine, wakawasha, kisha wakabadilisha betri bila kuzima injini. Mteja ana haki ya kumwambia fundi aweke mita.

Busta nayo inataka kutunzwa. Usiiache juu ya dashibodi gari likiwa limeegeshwa juani, maana joto huidhoofisha lithiamu na iliyovimba ni hatari ya moto. Ichaji kila baada ya miezi michache hata kama hukuitumia.

Na kama safari yako ni ya Rungwa, pimisha betri na altaneta Singida, Manyoni au Itigi kabla hujaingia porini, na usiku wa kuamkia safari hakikisha busta imejaa chaji.